Maneno Nyuma ya Picha

Walimwita Mtandao, na jina hilo hakulichukia, maana lilimletea wateja. Ila jina la utani lina mikono miwili: huku linakubeba, huku linakufinya. Asubuhi akiingia kazini amenuna, wale akina dada wa duka la vifaa vya ofisi pale chini walikuwa wakiulizana, "Vipi leo?" na mmoja hujibu, "Leo mtandao uko chini." Basi wanacheka mpaka wanashikana mabega, naye anapanda ngazi kama hakusikia.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti. Alikuwa na chumba ghorofa ya kwanza, dirisha likitazama paa la gereji, meza moja, kompyuta mbili ambazo moja ilikuwa hai na nyingine alishaifanya duka la vipuri, na feni ya ukutani iliyokuwa ikigeuka kulia ikakataa kurudi. Humo alitengenezea tovuti shule za chekechea, wauza vigae, daktari wa meno na chama cha wafuga kuku. Alijifunza mwenyewe, kwa kukosea na kurudia, na alikuwa fundi mzuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu nikishafika mbele hamtaniamini.

Ugonjwa wake ulikuwa wivu. Najua watu husema wivu kidogo ni chumvi ya mapenzi. Haya, wa huyu bwana ulikuwa chumvi iliyomwagika yote chunguni. Alimwonea wivu fundi umeme aliyekuja kubadilisha soketi. Alimwonea wivu mwenye nyumba, mzee wa watu asiye na meno ya mbele. Siku moja aliionea wivu redio, kwa kuwa mkewe alikuwa akimjibu mtangazaji. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na yeye alikonda kweli, hadi mkewe akawa anampunguzia suruali kiunoni kila baada ya muda bila kumuuliza sababu.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na duka dogo mtaa wa pili, lenye vyerehani viwili, meza ya kukatia na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Mikono yake ilijua kushona chochote, lakini riziki iliyokuwa ikimfikia ni ya marekebisho: punguza hii kiuno, ongeza hii upindo, badilisha zipu. Miaka yote alikuwa anafumua nguo zilizoshonwa na wengine. Ndipo meneja mmoja mwanamke, wa hoteli iliyokuwa karibu kufunguliwa, akaleta sketi yake kurekebishwa, akaona gauni la kijani limetundikwa ukutani, akalishika, akaligeuza ndani kuangalia mishono.

"Hili umeshona wewe?"

"Mimi mwenyewe."

Meneja akamweleza kwamba walikuwa wanatafuta mtu wa kushona sare za wafanyakazi wote, kuanzia wapishi hadi walinzi wa getini. "Una tovuti? Bosi wangu haamini mtu mpaka aone kazi zake. Alhamisi tuna kikao, nitamwonyesha hapo hapo."

Fundi hakuwa na tovuti, lakini alikuwa na mume. Akajibu, "Ipo, dada. Alhamisi itakuwa tayari." Jioni alimsimulia mumewe huku macho yanamng'aa, na mumewe, niseme ukweli wake, alifurahi. Alifurahi mpaka mkewe alipotamka kwamba picha atapiga Tabasamu.

Tabasamu ni mpiga picha. Jina alipewa kwa sababu ndilo neno analolisema kutwa: tabasamu, mama, tabasamu, mzee, tabasamu, bwana harusi, hujafungwa jela bado. Alikua mtaa mmoja na mke wa Mtandao tangu wakiwa watoto wa kucheza vumbini, na kwa sababu hiyo kila akikutana na Mtandao humwita shemeji. Neno hilo lilikuwa likimkereketa Mtandao kama mchanga kwenye wali. Shemeji kwa nani? Mkewe ana kaka wawili, wote anawajua, na hakuna mwenye kamera.

"Tutamlipa nini?" alitafuta upenyo.

"Hataki kitu. Anataka nimshonee mkewe blauzi."

"Ahaa. Kwa hiyo hataki kitu."

"Baba watoto, usianze. Njoo basi na wewe siku hiyo, utusaidie kushika taa."

Hakwenda. Alisema ana kazi nyingi, akakaa chumbani kwake siku nzima bila kugusa kazi hata moja, akiitazama feni inavyogeuka kulia. Kule dukani mkewe alikuwa anavaa nguo alizozishona mwenyewe kwa kuwa hakuwa na mwanamitindo, na dada yake Mtandao, wifi mtu, alikuwa amekwenda kumsaidia. Mtandao aliyajua hayo yote. Lakini mwenye wivu hata ukimwekea mashahidi kumi ndani ya chumba, yeye atawatoa wote nje ili abaki na wawili anaowaogopa.

Baada ya siku mbili Tabasamu akapanda ngazi na flashi ya kompyuta mkononi. "Shemeji, mzigo huu hapa. Mkeo ameua! Flashi nitaifuata Alhamisi, ina picha za watu wengine pia."

Mtandao aliichomeka, akazifungua. Picha zilikuwa nzuri, na uzuri wake ndio uliomuudhi. Mke aliyekuwa akimwona kila siku na futi ya kupimia shingoni na nyuzi kwenye nywele, hapa alikuwa amesimama wima, mabega nyuma, kama mwenye duka kubwa mjini. Kwenye picha moja alivaa koti la mpishi na kola imekaa upande kidogo. Kwenye nyingine amegeuka, mgongo unaonyesha zipu ya gauni la kijani ilivyolala bila kikunjo hata kimoja. Na kwenye ile ya mwisho alikuwa anacheka. Hakuwa akitabasamu kwa ajili ya kamera. Alikuwa anacheka kichwa kimerudi nyuma na macho yamefumba, kicheko ambacho Mtandao alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kukisikia nyumbani na hakukumbuka.

Kila fundi tovuti anajua kwamba picha ukishazipata, jambo la kwanza ni kuzinakili kwenye mashine yako, pamoja na kurasa zako, ili vyote vipakiwe mtandaoni kwa pamoja. Mtandao alijua hilo kuliko alivyojua namba yake ya simu. Lakini mkono ulikataa. Picha za yule bwana zilale ndani ya kompyuta yake, usiku na mchana? Hapana. Zikae huko huko kwenye flashi yake, zikitumika ziondoke nayo. Akatengeneza kurasa na kuzielekeza zichukue picha kwenye flashi iliyochomekwa pembeni, akiwa na nia ya kulirekebisha hilo siku ya kupakia. Nia hiyo aliisahau, kwa sababu alipata shughuli nyingine.

Shughuli yenyewe ni hii. Kila picha kwenye tovuti huwekewa maneno nyuma yake, maneno ya akiba. Picha ikionekana, maneno yamejificha. Picha ikigoma kufunguka, maneno ndiyo hutokea mahali pake ili msomaji ajue kulikuwa na nini. Na asiyeona kwa macho, simu yake humsomea hayo. Kwa kawaida Mtandao huandika mambo ya maana: "Vigae vya bafuni," "Kuku wa mayai." Siku hiyo aliandika akiwa peke yake, mlango umefungwa, moyo unamwaka, na akajiambia kwamba hakuna binadamu atakayeyaona.

Nyuma ya ile ya gauni la kijani kwa mbele aliandika: "Hapa ameambiwa tabasamu, akatabasamu. Nyumbani mpaka aombwe."

Nyuma ya koti la mpishi: "Kola imekaa upande. Nani aliigusa?"

Nyuma ya ile ya mgongo: "Zipu ya nyuma haijifungi yenyewe."

Na nyuma ya kile kicheko: "Anamchekea nani huyu?"

Akaisoma orodha yake, akahisi nafuu, kama mtu aliyetema pilipili. Angekuja kuyabadilisha. Ila nafuu nayo hulevya, na Jumatano jioni, mkewe alipopiga simu kuuliza kama kazi imekwisha, akapakia kila kitu kama kilivyo. Akaifungua tovuti kutoka ndani ya mashine yake, si mtandaoni, asije akala bando bure. Picha zote zikaonekana, moja baada ya nyingine, safi kabisa. Akazima taa akaenda nyumbani.

Alhamisi hata kiti hakijapata joto, mkewe akapiga.

"Baba watoto, picha hazionekani. Naona visanduku vitupu."

Mtandao akabofya kwenye mashine yake. "Mimi naziona zote."

"Mimi sizioni."

"Simu yako hiyo ya zamani. Futa kumbukumbu za kivinjari, ufungue upya."

Akasubiri. Akasikia cherehani cha msaidizi kikilia nyuma ya simu, halafu kikanyamaza.

"Vipi, zimefunguka?"

"Zimefunguka," alisema mkewe kwa sauti ambayo Mtandao hakuitambua. "Wewe mwenyewe umeisoma hii tovuti?"

"Nimeisoma kuanzia juu hadi chini. Bei, namba ya simu, kila kitu."

"Haya," mkewe akasema, akakata simu.

Mtandao akafurahi kwamba zimefunguka. Nyani haoni kundule. Mara dada yake naye akapiga, anacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na miba. "Kaka, hii tovuti ni ya nguo au ya mahakama?"

"Una maana gani?"

"Mimi naona ushahidi tu, nguo sioni. Ondoa haraka, nakwambia, kabla ya kikao."

Sasa jasho likaanza. Nguo hazionekani! Akapakia upya kurasa zote. Akabofya kwenye mashine yake: picha hizi hapa. Akakagua kama nafasi aliyokodi mtandaoni imejaa: haijajaa. Akapunguza ukubwa wa maandishi, akabadilisha rangi ya nyuma, vitu visivyohusiana kabisa na tatizo, kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotea ndani ya sukari. Akabofya tena: picha hizi hapa, mkewe anacheka. Halafu wazo likamjia, likamkaa vizuri sana, kama viatu vilivyozoea mguu. Ni yeye. Ni yule Tabasamu. Amezifunga picha zake kwa ujanja fulani wa wapiga picha ili zisionekane kwa watu, ili fundi aaibike, ili aje yeye kuokoa jahazi aonekane mwanaume. Mtandao aliliamini hilo kwa moyo wote. Hata njaa ilimtoka.

Na Tabasamu huyo akagonga mlango, kamera shingoni, anatabasamu.

"Shemeji! Nimefuata flashi yangu."

"Chukua," Mtandao alisema. Aliinyofoa kwa hasira bila hata kuiaga kompyuta, akaibamiza mezani. "Chukua uende nayo. Na kabla hujaenda njoo hapa, simama hapa, unieleze umezifanya nini hizi picha zako. Maana kwangu zinaonekana, kwa watu hazionekani. Tazama!"

Akabofya tovuti ifunguke upya, kidole kikiwa kimeelekezwa kwenye skrini kama cha mwendesha mashtaka.

Picha hazikutokea. Vilitokea visanduku vinne, na ndani ya kila kisanduku, kwa herufi nyeusi zinazosomeka vizuri sana, maneno yake. Ameambiwa tabasamu, akatabasamu. Nani aliigusa. Haijifungi yenyewe. Anamchekea nani huyu.

Kidole kilibaki hewani. Nyuma yake alisikia Tabasamu akivuta pumzi na kusoma polepole, kwa kunong'ona, kama wanavyosoma watu wanaofuata mstari kwa macho. Mtandao alitaka kuzima skrini lakini mkono haukumtii. Akaelewa yote kwa mkupuo: flashi, kurasa, na sauti ya mkewe ikisema "Haya." Akaelewa kwamba tangu jana mke wake, dada yake na meneja wa hoteli hawajaona nguo hata moja. Wamemwona yeye.

Tabasamu hakufoka. Afadhali angefoka. Aliichukua flashi, akaigeuza mkononi, kisha akairudisha mezani taratibu.

"Zinakili, bwana," alisema. "Uzipakie. Flashi nitaichukua kwa mkeo, mbele ya watu."

Akashuka ngazi. Bwana! Neno la shemeji alilokuwa akilichukia miaka yote lilikuwa limeondoka na mwenyewe, na Mtandao, amini usiamini, akajisikia kama aliyefiwa.

Alizinakili picha kwenye mashine yake, akaelekeza kurasa mahali panapostahili, akapakia. Safari hii aliifungua kwa simu, kwa bando lake, kama mtu baki. Picha zote zikatokea. Akakimbia ngazi mbili mbili, akapita mbele ya wale akina dada wa duka bila kusikia wamesema nini, akavuka mtaa.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, simu mapajani. Msaidizi ametumwa uzi, au ametumwa tu. Cherehani kilikuwa na kitambaa chini ya sindano, nusu mshono.

"Zinaonekana," Mtandao alisema akihema. "Mpigie meneja, mwambie afungue sasa hivi."

"Kikao kimekwisha. Amenipigia yeye. Amesema bosi aliisoma tovuti kwa sauti mpaka mwisho, watu wakacheka. Akasema wao wanatafuta fundi nguo, hawatafuti kesi ya nyumba ya mtu." "Kazi wamempa mwingine. Yule dada alikuwa ananionea huruma, unajua? Mimi. Ananiuliza kama niko salama."

Mtandao alikaa juu ya rundo la vitambaa. Alisema nisamehe. Alisema alikuwa na hasira, kwamba hakudhani, kwamba yale maneno hayakuwa ya kusomwa na mtu.

"Umeyafuta?"

"Hayaonekani tena. Picha zimeyafunika."

"Sikukuuliza kama yanaonekana."

Mtandao akainamisha kichwa. Yalikuwepo bado, yote manne, yamelala nyuma ya picha kama alivyoyaandika. Katika haraka yake alirekebisha kile walichokiona watu, basi.

"Zipu," mkewe alisema, "nilifungwa na dada yako. Kola ilisukumwa na feni, na Tabasamu aliniomba niiweke sawa, nikakataa kwa uvivu. Hayo ungeniuliza ningekujibu palepale, wala nisingekasirika. Sasa mimi nakuuliza swali moja. Hizi picha, kwenye mashine yako, zilikuwa zinaonekana?"

"Zilikuwa zinaonekana."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Watu wote walinyimwa, wewe peke yako ulikuwa nazo. Ukakaa nazo siku zote hizo, umefunga mlango." "Na bado hukuniona."

Nje pikipiki ilipita ikipiga honi. Mtandao akatoa simu, akaingia sehemu ya kuhariri, akafuta maneno ya gauni la kijani. Kisha akaitazama ile picha, akaitazama kweli, akaandika polepole: "Gauni la kitambaa kizito, limekatwa kwa mshazari, mikono mifupi." Akafuta ya kola, akaandika habari za koti la mpishi na vifungo vyake. Akafuta ya zipu. Alipofika kwenye kicheko kidole kikasimama.

"Hapa sijui niandike nini," alisema. "Ulikuwa unacheka nini?"

Mkewe alimtazama kwa muda mrefu, kama anayepima kitambaa kisichotosha.

"Pini," alisema hatimaye. "Niliisahau kwenye upindo. Nimegeuka tu, ikanichoma pajani. Mimi, fundi mzima, nimechomwa na pini niliyoichomeka kwa mkono wangu."

Hakucheka alipokuwa akisimulia. Mtandao akaandika: "Fundi akicheka. Amechomwa na pini aliyoisahau mwenyewe." Akampa simu aisome. Akasoma, akamrudishia.

"Acha hivyo hivyo."

Halafu alinyanyuka, akavuta suruali ya mteja kutoka kwenye rundo, akageuza kiuno nje, akachukua wembe, akaanza kufumua.